Ile Namba ya Kona: Mwongozo Kamili wa Kutoa Maoni Kuhusu Fomu na Madodoso ya Serikali ya Marekani

Chukua fomu N-400, ile ya kuomba uraia wa Marekani, uitazame juu, upande wa kulia. Kuna maandishi madogo: OMB No. 1615-0052, na chini yake tarehe ya kwisha muda. Miaka yote niliyosaidia watu kujaza makaratasi mezani kwangu, sijaona hata mmoja aliyeanza kusoma hapo. Wote huanzia kwenye jina, na kwenye jina ndiko kunakoanza vurugu: mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, fomu inadai jina la ukoo, na kwao hakuna kitu kama hicho. Tunabishana, tunacheka, tunajaza tunavyoweza. Lalamiko linaishia kwenye chai.

Ile namba ya kona ndiyo inayoonyesha lalamiko lipelekwe wapi. Maana yake ni kwamba fomu iliombewa kibali, kibali kina mwisho, na kabla hakijahuishwa ofisi inayomiliki fomu inalazimika kisheria kuuliza umma kama fomu inafaa. Inauliza mara mbili. Na umma huo ni pamoja na wewe: hakuna sharti la uraia wala la hati ya ukaazi, hulipi ada, huhitaji wakili. Hata aliyeko Dar es Salaam au Nairobi anayejaza DS-160 kuomba viza anaweza kutoa maoni juu ya DS-160.

Haya yafuatayo ni ya serikali ya shirikisho tu, yaani ya Washington. Fomu ya leseni ya udereva ya jimbo lako, au ya shule ya mtoto, kwa kawaida haimo.

Sheria yenyewe, kwa kifupi

Inaitwa Paperwork Reduction Act. Hapa nitaiita Sheria ya Kupunguza Makaratasi. Ilitanguliwa na sheria ya 1942, iliyotokana na malalamiko ya wafanyabiashara waliochoshwa na fomu. Rais Jimmy Carter alisaini hii mpya Desemba 1980, wiki chache kabla hajaondoka madarakani, na mwaka 1995 ikaandikwa upya. Ya 1995 ndiyo inayotumika.

Kanuni yake kuu ni nyepesi. Ofisi ya shirikisho ikitaka kuwauliza watu 10 au zaidi maswali yaleyale ndani ya miezi 12, lazima ipate kibali cha OMB, Ofisi ya Usimamizi na Bajeti iliyo chini ya Rais. Ndani ya OMB kuna kitengo kiitwacho OIRA, na hicho ndicho kinachosoma maombi. Kibali hakizidi miaka 3. Haijalishi unaulizwa kwa karatasi, kwa simu, mtandaoni au kwa mtu kugonga mlango; na hata agizo la kutunza kumbukumbu fulani linahesabika. Uchunguzi wa jinai umeachwa nje.

Tarakimu 4 za mwanzo za namba zinakuambia mwenye fomu ni nani. 1615 ni USCIS, idara ya uhamiaji na uraia. 1545 ni IRS, watu wa kodi. 0607 ni Ofisi ya Sensa. 1405 ni Wizara ya Mambo ya Nje. Ukishazizoea hizi utaweza kutambua karatasi kabla hujaisoma.

Sheria ina kifungu ambacho watu hukipenda kupita kiasi: hakuna anayeweza kuadhibiwa kwa kutojibu dodoso lisilo na namba halali ya OMB. Ni kweli, kimeandikwa. Ila usikitumie peke yako kama kinga. Kwanza, ofisi ikipeleka maombi ya kuhuisha kabla muda haujaisha, OMB huongeza muda mwezi baada ya mwezi huku ikisoma, kwa hiyo tarehe iliyopita haina maana kwamba fomu imekufa. Pili, fomu za USCIS zina tarehe mbili. Ya juu ni ya OMB. Ya chini kabisa ya ukurasa ni ya toleo, na hiyo ya chini ndiyo inayoamua kama fomu yako itapokelewa au itarudishwa. Nimeona mtu akiandika upya kurasa zote usiku kucha kwa kuogopa tarehe ya juu, kumbe toleo lake lilikuwa bado linakubalika.

Milango miwili

Mlango wa kwanza ni wa siku 60. Ofisi inatangaza katika Federal Register, gazeti rasmi la serikali linalotoka kila siku ya kazi, kwamba inakusudia kuhuisha, kubadili au kuanzisha fomu fulani. Maoni yanakwenda kwa ofisi hiyohiyo.

Mlango wa pili ni wa siku 30. Ofisi imeshasoma maoni ya kwanza, imefunga kifurushi, inakipeleka OMB na kutangaza tena. Safari hii maoni yanakwenda OMB. OMB ina siku 60 za kuamua, lakini hairuhusiwi kuamua kabla siku 30 za maoni hazijapita. Ukichelewa siku ya 31 unaweza kusomwa, unaweza usisomwe.

Upi una nguvu zaidi? Kwa maoni yangu ni ule wa kwanza, ikiwa unachotaka ni kubadilisha maneno ya swali au maelezo ya fomu. Wakati huo fomu bado ni unga, haijawa mkate. Mlango wa pili unafaa zaidi kumwambia OMB: tuliwaeleza hawa jambo fulani na hawakulijibu. Mwenye muda aingie kote kuwili.

Kuna njia ya mkato ambayo ofisi huitumia: kibali cha dharura, ambapo vipindi hivi hufupishwa au kurukwa. Hicho hakizidi miezi 6, na kikiisha lazima warudi kwenye utaratibu wa kawaida. Ukipitwa nacho, subiri huko mbele.

Inafanya kazi kweli?

Oktoba 20, 2023, Ofisi ya Sensa ilitoa tangazo la siku 60 kuhusu American Community Survey, utafiti unaotumwa kila mwaka kwenye anwani zipatazo milioni 3.5. Tangu 2008 utafiti huo umekuwa ukiuliza habari za ulemavu kwa maswali 6 ya ndiyo au hapana. Ofisi ilitaka kuhamia mtindo wa Washington Group, kundi la wanatakwimu lililoundwa 2001 chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa mtindo huo unasema kama huna shida, una shida kidogo, una shida kubwa, au huwezi kabisa. Na ilipendekezwa wahesabiwe wale wa majibu mawili ya mwisho tu.

Kwenye majaribio ya 2022, asilimia ya watu wenye ulemavu ilishuka kutoka 13.9 hadi 8.1. Hakuna aliyepona, kilichobadilika ni swali. Msomaji wa Kenya hatashangaa sana: sensa ya 2019, iliyotumia mtindo huohuo, ilitoa asilimia 2.2, wakati ile ya 2009 ilikuwa imetoa 3.5.

Watu wenye ulemavu Marekani waliliona tangazo. Hadi dirisha lilipofungwa Desemba, maoni zaidi ya 12,000 yalikuwa yameingia. Wengi waliandika wakijieleza wao wenyewe: mwenye maradhi ya kudumu au ya akili, ambaye leo yuko sawa na kesho hawezi kuinuka, ataweka alama kwenye "shida kidogo" na kufutika kwenye hesabu, na hesabu hiyo ndiyo inayogawa fedha na huduma. Februari 6, 2024, mkurugenzi wa Ofisi ya Sensa wakati huo, Robert Santos, alitangaza kwamba maswali ya zamani yangebaki katika utafiti wa 2025.

Sasa upande wa pili, nisikudanganye. Machi 2018 Wizara ya Mambo ya Nje ilitangaza kwamba waombaji viza wataandika majina wanayotumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka 5 iliyopita. Mashirika mengi ya haki yalipinga kwa maandishi marefu. Mwisho wa Mei 2019 swali lilianza kutumika, na ndugu zako wanaoomba viza wanalijibu hadi leo. Maoni si kura. OMB haihesabu vichwa. Linalotafutwa ni jambo ambalo ofisi haikulijua au haikulifikiria, na hapo mtu mmoja mwenye ushahidi anaweza kuzidi barua 1,000 zilizonakiliwa.

Hatua ya 1: Litafute tangazo

Ingia tovuti ya Federal Register na uandike namba ya OMB au jina la fomu kwenye kisanduku cha kutafutia. Utapata matangazo yote ya nyuma pia. Kisha jiandikishe upokee barua pepe kila neno hilo litakapotokea tena. Ni bure, na ndiyo njia pekee niliyoona inafanya kazi kwa watu wenye shughuli zao.

Tovuti ya pili ni reginfo.gov, inayoendeshwa na serikali pia. Humo kuna historia ya kila namba ya OMB: ilipewa kibali lini, inaisha lini, ilikadiriwa saa ngapi, na OMB iliweka masharti gani. Matangazo ya siku 30 yaliyo wazi yamewekewa humo orodha yake maalumu, unachagua kwa jina la ofisi.

Tangazo lenyewe halitakuvutia. Ni kurasa mbili tatu za lugha ya ofisini. Tafuta mambo manne tu: tarehe ya mwisho, mahali pa kutuma, namba ya OMB, na makadirio ya muda kwa kila mjazaji.

Hatua ya 2: Omba utetezi wao

Tangazo ni bango tu. Hoja zimo kwenye hati iitwayo Supporting Statement, ambamo ofisi inajitetea mbele ya OMB. Sehemu A ina vipengele 18. Tafiti za takwimu zina pia Sehemu B, inayoeleza sampuli ilichaguliwaje na watakaokataa kujibu watashughulikiwaje. Ukiikosa mtandaoni, kila tangazo lina mtu wa kuwasiliana naye. Mwandikie uiombe, pamoja na nakala ya fomu inayopendekezwa.

Usisome vyote 18. Nenda kipengele cha 2, kinachosema majibu yako yatatumiwaje. Kisha cha 8, kinachosema ni maoni gani yalipokewa na ofisi ilizungumza na nani nje ya ofisi. Hapo watu wetu hupita bila kujua wameketi juu ya mali: ofisi inatakiwa kushauriana na wajazaji wenyewe angalau mara moja kila miaka 3. Jumuiya ya Wakongo, msikiti, kanisa au chama cha akina mama kinaweza kusema, tuiteni sisi.

Cha 11 kinahusu maswali nyeti. Cha 12 ni cha saa, cha 13 ni cha gharama. Hivyo viwili vina hatua yake.

Hatua ya 3: Pima mwenyewe kwa saa

Kila fomu ina makadirio ya "mzigo", yaani muda wa kujaza. Watu huyaona kama mapambo, ilhali OMB hutumia takwimu hiyo kuamua. Ukizidisha muda wa mtu mmoja kwa idadi ya wajazaji unapata mzigo wa taifa zima. Tuseme fomu ina wajazaji 200,000 na imekadiriwa saa 1: huo ni mzigo wa saa 200,000. Ukionyesha kwamba kwa kweli ni saa 3, umeibua saa 400,000 ambazo hazikuandikwa popote.

Na mzigo kisheria si kushika kalamu tu. Ni pamoja na kusoma maelekezo, kutafuta nyaraka, kuzikusanya, kupitia majibu na kuyatuma. Kwa hiyo saa uliyokaa kwenye simu ukimuuliza shangazi yako Kigoma mwaka mliohama, imo. Kwenda kupiga fotokopi, imo. Fedha za kutafsiri cheti cha kuzaliwa nazo zina mahali pake, pale kwenye kipengele cha 13.

Fanya hivi. Safari nyingine unapojaza fomu, weka simu karibu na uandike saa ulipoanza na ulipoacha, kila kikao. Andika swali lililokusimamisha na sababu. Ukiwasaidia wengine, fanya vivyo hivyo kwa kila mmoja bila kuandika majina: mtu wa 1, mtu wa 2. Ukifikisha watu 8 au 10, unacho kitu ambacho ofisi yenyewe mara nyingi haina, maana makadirio mengi hufanywa na watumishi wanaojua Kiingereza, wanaoijua fomu, na walio na anwani moja tangu wazaliwe.

Nilipofanya hivi mara ya kwanza niliona aibu, nikihisi najifanya mtafiti. Kisha nikasoma hati moja ya utetezi na kukuta ofisi husika (siitaji) imewauliza watu wasiozidi 9. Tisa! Kumbe ndiyo mpaka wenyewe: wakifika 10 watahitaji kibali cha kuuliza kuhusu kibali.

Hatua ya 4: Andika

Sheria inataka maoni kuhusu mambo manne. Je, taarifa hii ni ya lazima, na itatumika kweli? Je, makadirio ya muda na gharama ni sahihi? Je, fomu inaweza kuwa bora na wazi zaidi? Je, mzigo unaweza kupunguzwa, kwa mfano kwa kujaza mtandaoni au kutoulizwa mara ya pili jambo ambalo serikali tayari inalo? Lolote utakaloandika, liweke chini ya mojawapo. Huna haja ya kuyajibu yote. Moja lililoshiba linatosha.

Huu ni mfano wa maoni yasiyosaidia:

"Fomu hii ni ngumu na inaonea wageni. Ifutwe."

Na huu ni mfano, wa kubuni, wa yale yanayosaidia:

"Naandika kuhusu fomu hii, OMB namba fulani, kuhusu usahihi wa makadirio na uwazi wa maswali. Mwaka huu nimewasaidia watu 10 wazungumzao Kiswahili kuijaza. Tangazo linasema saa 1 na dakika 10. Aliyemaliza haraka zaidi alitumia saa 3. Aliyechelewa zaidi, saa 6 na nusu. Muda mwingi ulikwenda kwenye orodha ya anwani za miaka 5. Watu 7 kati yao waliishi kambini, ambako hakuna jina la mtaa wala namba ya nyumba, na fomu haisemi waandike nini. Napendekeza maelekezo yaongezewe sentensi: Kama uliishi kambini, andika jina la kambi, wilaya na nchi, mwezi na mwaka vinatosha."

Tazama lililofanyika pale. Kuna hesabu, kuna swali mahususi, kuna sababu, na kuna sentensi iliyo tayari kunakiliwa. Mtumishi atakayesoma anaweza kuibandika alasiri hiyohiyo. Aliyekaa Nyarugusu, Kakuma au Kyangwali anaijua sababu hii bila kuelezwa. Aliyeandika fomu hajawahi kuisikia.

Majina nayo yaandikie. Eleza mfumo wa jina la mtu, la baba na la babu, na pendekeza maelekezo yaseme wazi lipi liwekwe kwenye kisanduku kipi, ili mtu asiwe na majina matatu tofauti kwenye hati tatu. Vilevile wenye tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1, waliyopewa kwa kuwa ya kweli haikujulikana. Vilevile orodha za "uhusiano na mwenye nyumba" ambazo hazina pa kumweka mtoto wa kaka yako uliyemlea tangu anyonye, ambaye kwako ni mwanao tu.

Kuhusu lugha ya maoni yenyewe: tuma kwa Kiingereza, hata kiwe cha kuunga, au omba kijana wa nyumbani akutafsirie. Wanaosoma ni wachache na muda wao ni mfupi. Isipokuwa unapozungumzia tafsiri. Hapo weka neno la Kiswahili lenyewe na ueleze.

Kiswahili kinapokuwa ndiyo hoja

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili ana utaalamu usiouzwa dukani. Kwa sensa ya 2020 Ofisi ya Sensa ilitoa miongozo kwa lugha 59 zaidi ya Kiingereza, na Kiswahili kilikuwemo. Kujibu moja kwa moja mtandaoni au kwa simu kuliwezekana kwa Kiingereza na lugha nyingine 12. Humo Kiswahili hakikuwemo.

Tafsiri ikitokea, iangalie kwa macho ya watu wawili. Neno "kaya" linaeleweka vizuri Tanzania, kwa kuwa makarani wa sensa wameligonga milangoni miaka mingi. Mama aliyetoka Bukavu anaweza akakutazama tu. Mwambie "watu wa nyumba yako" atakuelewa. "Ndugu" kwenye orodha ya uhusiano ni mtego: kwetu ni wa tumbo moja, ni binamu, ni mtu wa kijiji kimoja, na ukiwa kwenye mkutano ni kila aliyeketi. Mtafsiri aliyeandika "ndugu" akikusudia kaka au dada ameharibu takwimu bila kujua. Hayo ni maoni halali kabisa chini ya uwazi wa maswali.

Kuna jambo la majedwali pia. American Community Survey huuliza kama mtu anazungumza lugha nyingine nyumbani na ni lugha gani. Majibu yanapochapishwa kwenye jedwali la lugha, sisi tumo katika kapu la "Kiswahili au lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini". Kapu hilo ni kubwa. Humo wamo wenye lugha za Kibantu ambao hawasemi neno moja la Kiswahili. Hospitali inayotaka kujua iajiri wakalimani wangapi wa Kiswahili haitapata jibu humo. Ukiiandikia Ofisi ya Sensa, sema hivyohivyo: taja eneo lako, taja huduma inayokwama, omba Kiswahili kitolewe peke yake pale idadi inaporuhusu. Na unapojaza dodoso, andika Swahili. Ukiandika "African" umejitupa mwenyewe nje ya jedwali.

Hatua ya 5: Tuma, lakini jilinde

Ofisi nyingi hupokea maoni kupitia Regulations.gov, nyingine hutaka barua pepe. Tangazo linasema. Kwenye Regulations.gov andika namba ya jalada iliyo kwenye tangazo, bonyeza kitufe cha Comment, jaza kisanduku. Kisanduku hakipokei zaidi ya herufi 5,000. Kama una zaidi, ambatisha faili. Unaweza kuchagua kutuma kama mtu binafsi, kama shirika, au bila jina. Ukimaliza utapewa namba ya kufuatilia, ipige picha.

Maoni huwekwa hadharani, dunia nzima iyasome. Kwa hiyo usiandike namba yako ya A (ile ya faili la uhamiaji), namba ya Social Security (ya hifadhi ya jamii), simu, anwani, jina la mtoto, wala namba ya kesi. Usiambatishe fomu uliyoijaza. Usisimulie kesi ya jirani kwa namna ambayo mtaa mzima utamtambua. Mwenye hali nyeti ya uhamiaji atumie njia ya bila jina, au apeleke hoja yake kupitia shirika, ambalo litaandika "tumewahudumia watu 10" na kuishia hapo.

Pia usiulize habari za kesi yako. Wanaosoma maoni hawana faili lako, na maoni yako yatawekwa kando. Kesi ina njia zake.

Tuma siku mbili tatu kabla ya mwisho. Saa ya kufungwa huhesabiwa kwa majira ya Mashariki ya Marekani, na aliyeko Seattle au Nairobi akijipangia saa sita usiku ya kwake atakosea hesabu.

Hatua ya 6: Rudi kwenye mlango wa pili

Tangazo la siku 30 likitoka, fungua kifurushi reginfo.gov na uende moja kwa moja kipengele cha 8. Humo ofisi inapaswa kufupisha maoni iliyopokea na kusema ilifanya nini. Jitafute. Wakati mwingine utakuta sentensi yako imeingia, neno kwa neno, bila jina lako. Wakati mwingine utakuta "maoni hayahusiani na mada". Wakati mwingine hutajikuta kabisa, na hapo ndipo pa kuandikia OMB: kurasa mbili, nakala ya maoni ya kwanza ikiambatishwa, na mstari mmoja unaosema hoja ipi haikujibiwa. Angalia pia kipengele cha 12 uone kama saa zimebadilika.

Hatua ya 7: Soma uamuzi

OMB ikimaliza huweka taarifa ya uamuzi kwenye reginfo.gov. Fomu inaweza kupitishwa kama ilivyo, kupitishwa na mabadiliko, kukataliwa, au ofisi yenyewe kuiondoa. Sehemu ya kusoma kwa makini ni masharti ya kibali. Humo OMB huweza kuiambia ofisi, kwa mfano, ijaribu swali fulani upya kabla haijarudi kuomba tena. Sharti la namna hiyo lina thamani kuliko ushindi wa leo, kwa kuwa miaka 3 ijayo utalishika mkononi na kuuliza: mlijaribu?

Piga hesabu kurudi nyuma basi. Siku 60 za kwanza, siku 30 za pili ambazo zimo ndani ya 60 za OMB, na wiki kadhaa katikati za ofisi kusoma na kufunga kifurushi: si chini ya miezi 5, mara nyingi zaidi. Tazama tarehe iliyo kwenye kona ya fomu unayoijua vizuri kuliko nyingine zote, toa miezi 9, na uweke kengele kwenye simu mwezi huo. Kama mwezi huo umeshapita, fungua Federal Register leo. Huenda dirisha liko wazi.